Mzimu wa Migombani Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mitano kiwandani, Mama Ikupa Mwalukasa, msimamizi wetu wa kunyausha majani ya chai, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wasifu wake nilikuwa nimeshaumaliza, umetulia na una heshima zake. Imebidi niuandike upya, na hadi sasa moyo haujakaa sawa.

Alianza kwa kuchuma chai huko Suma, akaletwa kiwandani, akapanda hadi usimamizi. Ni mzee wa kanisa. Hajawahi kumfokea mtu. Ukirundika majani vibaya, anasimama tu nyuma yako, kimya, mpaka uyatandaze upya. Kumbe alianza zamani kutisha watu.

Juzi tukinywa chai, Lugano wa ufungashaji alituonyesha kwenye simu kipande cha Mgeni wa Migombani, ile filamu ya kutisha iliyopigwa Masukulu mwaka 1993 kwa kamera moja na unga wa sembe. Mimi niliiona katika banda la video hapa Tukuyu nikiwa darasa la tatu, na kwa muda mrefu sikuthubutu kwenda migombani peke yangu. Mwishoni mzimu uliovaa sanda unamfuata mzee mmoja ukitembea kinyumenyume, uso hauonekani kabisa. Vijana mtandaoni bado wanabishana maana yake. Mama Ikupa akachungulia simu, akasema taratibu kwamba ile sanda ni shuka lake la harusi.

Miaka yote hii nimekuwa nikimwamkia mzimu kila asubuhi!

Alitueleza yote. Mwigizaji wa yule mzee aliugua, na mwongozaji, mgeni kutoka Dar, akamchukua Mzee Yohane wa nyumba ya jirani. Hakujua kuwa huyo ni baba mkwe wa mzimu wake, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hakutani naye njiani. Akamwamuru Mama Ikupa amkazie mzee macho, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Nafasi hiyo aliitamani mno, lakini alijibu hivi:

"Mpe huyo mwingine. Baba mkwe simtazami."

Mwingine hakuwepo, na kanda ilikuwa inaisha. Ndipo akapigwa picha akija kwa mgongo. Mzee Yohane, ambaye hakuambiwa nani yumo ndani ya shuka, alitimua mbio za kweli hadi barabarani. Mama Ikupa akafunga mdomo ili asimwaibishe, akaja kuufungua juzi, kwa kuwa mzee tulimzika mwaka jana. Jina lake halimo popote katika filamu ile. Sisi tumeliandika hapa.

Mama, asante kwa chai nzuri, na hata kwa usingizi ulioninyima utotoni. Tunakuombea afya na siku njema nyumbani kwako Lupepo. Tukikusindikiza, ukifika getini geuka utupungie mkono. Hapa hakuna baba mkwe.