Mikono ya Taratibu

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya dada yake, ambaye wengi mlimwita Taratibu, maana neno hilo lilimtoka mdomoni kila mtu alipobeba kitu mbele yake, hata kama ni sufuria tupu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa mshona viatu na mkewe, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akiwa darasa la sita alimwona mama yao akianza kutetemeka mikono, kikombe kikigonga kisahani, mpaka ikabidi alishwe, na tangu hapo Taratibu aliitazama mikono yake kila asubuhi kabla hajanawa uso, kwa hofu ambayo hakumwambia mtu.

Alisomea sanaa chuoni, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa na makumbusho kuwa mhifadhi wa kazi za mafundi walio hai, vyungu, mikeka na nguo, ambako alipiga marufuku glavu kwenye vyungu kwa sababu huteleza, akisema ukivunja kazi ya marehemu utamwomba Mungu msamaha, lakini ya aliye hai utaomba ukimtazama machoni. Mwaka 1987 aliolewa na seremala aliyekuja kutengeneza rafu za stoo akasahau kuondoka, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2014 kidole gumba cha kulia kilianza kucheza. Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka usingizi ukamruka, akaanza kuvaa glavu ili mtetemo usionekane, wenzake wakaona, lakini nani angemuuliza, naye ndiye bosi wao? Agosti 2016, akipanga maonyesho, mtungi wa mfinyanzi rafiki yake ulimponyoka, na mwenyewe yuko mlangoni anatazama. Mfinyanzi alivipita vile vipande, akamvua glavu, akaishika mikono inayotetemeka, akamuuliza, "Hivi miaka yote hii ulikuwa unamficha nani?"

Kesho yake walikwenda pamoja kwa daktari, na kumbe dawa ya kuutuliza ule mtetemo ilikuwapo siku zote, akaendelea na kazi akiwa kitini, wenzake wakibeba, hadi alipostaafu 2021. Homa ya mapafu ilimchukua alfajiri ya tarehe 14 Juni mwaka huu, mumewe na binti yake wakiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari, wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wa makumbusho waliompokea mzigo bila kumwaibisha. Daktari alituambia ugonjwa ule wa kutetemeka hutembea katika damu ya ukoo. Mnaona karatasi hii imelazwa mezani, ni kwa sababu tangu Januari haikai mkononi mwa anayewasomea, naye hajamwambia hata mkewe, aliyeketi pale mbele. Anaogopa, na anamwomba ampeleke kwa daktari Jumatatu.

Pumzika salama, dada, wewe hofu yako imekwisha.