Simu Alizotuwekea Fundi Novatus

(Wasifu wa marehemu Novatus Salu Bundala, 1970–2017. Umesomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake, Veronica Salu.)

Marehemu Novatus alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Malampaka, wilayani Maswa, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Salu Bundala, mfanyakazi wa reli, na Mama Nyanjige, aliyelima pamba nyuma ya nyumba za stesheni. Hakuwa mtoto wa kulala mchana. Mama alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa na kazi ambayo hajaimaliza.

Alisoma shule ya msingi Malampaka kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, na sekondari Maswa hadi 1988. Alianza kujifunza ufundi wa redio Mwanza, lakini baba akaugua, akarudi kabla hajapata cheti. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakulisema sana.

Mwaka 1990 aliajiriwa na chama cha ushirika hapa Bariadi kama karani. Kazi yake ilikuwa kuandika bei ya pamba kwenye ubao, bei moja kwa msimu mzima. Biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliingia, kila mmoja na mizani yake na bei yake. Ushirika ukanywea, na mwaka 1996 Novatus akapunguzwa kazini. Aliomba apewe ule ubao, akapewa. Aliusimamisha mbele ya kibanda chake cha kutengeneza redio, na kila asubuhi alizunguka kwa baiskeli kuwauliza wanunuzi bei, kisha akaziandika zote kwa chaki. Hakuna aliyemtuma. Alisema mkulima akishapakia pamba kwenye mkokoteni hana moyo wa kuirudisha nyumbani, kwa hiyo ajue bei kabla hajafunga ng'ombe.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Stephania Nkinda, mzaliwa wa Mwamanyili. Asubuhi ya harusi aliandika bei kwanza. Alifika kanisani na chaki kwenye mkono wa koti, na Stephania akaipangusa mbele ya padri. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2006 alifungua kafe ya intaneti yenye kompyuta nne, na mwaka 2009 ule ubao akauhamishia mtandaoni, kwenye tovuti ya bei za pamba za wilaya zetu zote. Mkulima hakulipa kitu. Tovuti iliishi kwa matangazo ya mbegu, dawa za pamba na pikipiki, yaliyoletwa na wakala mmoja wa mbali. Tangazo likionekana, wakala alilipa, na malipo hayo yaliwatosha vijana waliopiga simu za bei kutoka Bukundi, Maswa na Lamadi.

Simu za intaneti zilipozagaa, ikawa desturi hapa kwetu: ukinunua simu mpya, huitumii mpaka Novatus aiweke sawa. Naye aliwaonea huruma watu kwa bando. Kila simu aliiwekea kivinjari kinachobana matumizi, akiacha mipangilio yake kama ilivyokuja: picha nzito zimezimwa, matangazo yamezuiwa. Ukurasa wa kwanza kufunguka aliuweka wa tovuti yake, ili mzee asiyejua kuandika anuani aone bei papo hapo. Na sisi watu wa Bariadi tunajijua. Alichokiweka fundi hakiguswi, kisije kikaharibika.

Mwaka 2014 wakala aliandika kwamba wasomaji wanazidi, lakini matangazo hayaonekani. Novatus alikataa. Kwenye simu yake mwenyewe, aliyoinunua Mwanza na ambayo hakuna aliyewahi kuiweka sawa, matangazo yote yalionekana. Alibishana na wakala karibu mwaka mzima, akikagua tovuti mstari kwa mstari, macho yamemvimba. Siku moja alimlalamikia mke wake wakati wa chai.

"Matangazo gani, baba Jenipha?" Stephania akauliza. "Mimi humo sijawahi kuona tangazo. Nilijua uliyatoa mwenyewe."

Novatus aliichukua simu ya mke wake, ile aliyomwekea kwa mkono wake, akaitazama. Hakukuwa na tangazo hata moja. Aliiweka mezani taratibu.

"Kumbe ni mimi," alisema. Chai yake ilipoa hapo hapo.

Alianza kuzunguka siku za mnada akiwaomba watu awabadilishie. Wengi walikataa, na kwa haki. "Fundi, si wewe uliyetuambia hii inalinda bando?" Mzee Januarius wa Bukundi alikubali kwa heshima. Wiki moja baadaye alirudi na salamu yake ya asubuhi.

"Mwangaluka, fundi. Bando la wiki sasa linaisha siku mbili. Lakini kama linakusaidia, acha tu."

Novatus aliirudisha simu ya mzee kama ilivyokuwa, na tangu siku hiyo hakumwomba mtu tena. Wakala alijitoa. Kwa miaka miwili Novatus aliibeba tovuti peke yake: mchana anatengeneza simu, katikati ya kazi anawapigia wanunuzi kuuliza bei. Tulimwambia aiache. Alitusikiliza kwa upole na hakuiacha. Tunasema ukweli hapa kaburini kwamba ilimchosha, na sisi ilituchosha kumtazama.

Mwishoni mwa mwaka 2016 aligundulika kuwa na shinikizo la damu lililokwisha kuathiri figo. Alitibiwa Bariadi, kisha Mwanza. Tovuti ilizimika mwezi Aprili mwaka huu, akiwa kitandani. Alipoambiwa, alimwita binti yake Jenipha.

"Simu zao zitafunguka tupu," alisema. "Wafundishe kubadilisha wenyewe. Mimi niliwachagulia, sikuwauliza."

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2017, saa nne asubuhi, msimu wa pamba ukiwa umeanza.

Ameacha mjane, Stephania, watoto watatu, Jenipha, Amoni na Matilda, mjukuu mmoja, mama yetu Nyanjige, na sisi wadogo zake wanne.

Simu nyingi zilizopo hapa msibani aliziweka yeye. Ukizifungua, zinakwenda kwanza kwenye ukurasa wake, na ukurasa haupo. Kuanzia Jumatatu Jenipha atakuwa dukani kwa baba yake kumwelekeza kila mtu achague mwenyewe kinachofunguka na kinachozuiwa, kama baba yake alivyoagiza. Jana Jenipha alianza na Mzee Januarius, aliyetoka Bukundi kuja kuzika. Mzee aliutazama ule weupe kwenye kioo, akaifunga simu na kuirudisha mfukoni.

"Yangu iacheni, mayu," alimwambia Jenipha. "Ndivyo alivyoniwekea."

Ndugu yetu alikuwa amechoka sana. Bwana amlaze, naye apumzike, na iwe kwa amani.