Neno Lililosubiri kwa Chaki

Benchi letu limeegemea ukuta ulio kati ya nguo na mawe. Kushoto Fundi anashona. Kulia Patasi, ambaye tumempa jina la chombo chake, anachonga mawe ya makaburi, na vumbi lake jeupe hutua mabegani mwetu bila kuchagua. Ng'ambo ya barabara ni kibanda cha kinyozi tunayemwita Waziri kwa sababu ana ahadi kwa kila mtu. Mimi nina mashine ya kutoa nakala dirishani, hatua chache kutoka hapo, na wateja wakikatika huja kukaa. Jumamosi hiyo asubuhi kahawa ilikuwa kwenye chupa ya Waziri, vikombe vilikuwa vitano, na mbele yetu lilisimama jiwe la mke wa Fundi, limeshaandikwa lote kwa chaki.

Patasi hachongi siku ile ile. Hupiga mistari kwanza, huandika kila herufi kwa chaki, halafu huliacha jiwe wiki nzima ili wenyewe walitazame. Chaki unaifuta kwa kiganja, husema, chuma kikishapita hakifutiki. Katika wiki hiyo watu hugundua kwamba mwaka umekosewa, au kwamba marehemu hakuwahi kulipenda jina lake la pili. Wiki ya Fundi ilikuwa imefika mwezi. Jiwe lilikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na chini yake neno moja: NITAAMKA.

Neno hilo alilichagua shemeji mwenyewe akiwa hospitalini. Hakutaka maua ya kuchongwa wala msalaba mkubwa. Alimwambia mumewe aandike nitaamka, akageukia ukutani akalala, na siku tatu baadaye akafa.

Fundi hakuwa mtu wa kanisa. Kwa miaka thelathini na mmoja mkewe alikwenda peke yake kila Jumapili, naye akabaki na sare za shule za kupunguza, akisema nyumba moja inatosha kuwa na mwombaji mmoja. Tangu mazishi alikuwa amekwenda Jumapili saba. Hukaa pale pale alipokuwa akikaa mkewe, mwisho wa safu ya tatu, na waumini kwa heshima humwachia nafasi tupu pembeni. Alitusimulia hilo mara moja tu, akiwa anatunga uzi. Alisema pia kwamba haliwezi likachongwa neno la uongo juu ya kichwa cha mke wake, likakaa hapo mvua na jua, watu wakipita wakilisoma. Kama ni kweli, lichongwe. Kama si kweli, libaki jina na tarehe.

Ndipo akamwomba Profesa amtazamie vitabuni.

Profesa hajawahi kufundisha chuo chochote. Alitunza maktaba ya shule mpaka akastaafu, na vitabu vyote alivisoma yeye kwa kuwa wanafunzi hawakuvisoma. Aliombwa jambo moja: je, ni kweli kuna mtu aliyewahi kufa akaamka, au sivyo. Mtu mwingine angejibu jioni ile ile, hata kwa kukisia. Profesa alitoweka wiki nne, akarudi na kurasa tisa alizozitoa kwenye mashine yangu, akazikunja, akazifungua, akavaa miwani. Aliombwa jibu, akaleta miungu.

Alianza na Misri. Kulikuwa na mungu mfalme, Osiris, aliyeuawa na ndugu yake na kukatwakatwa, vipande vikatupwa kila upande. Mkewe Isis akazunguka nchi nzima akivitafuta kimoja kimoja, akaviunga, akamfunga vitambaa, na mume akapata uhai tena. Kisha akaja Tamuzi, aliyeshuka kuzimu huku wanawake wakimlilia, na hao Biblia yenyewe inawataja, wameketi mlangoni pa hekalu wakilia. Kisha Adonisi, kijana aliyeuawa na nguruwe mwitu. Wanawake wake walipanda mbegu kwenye vyungu vya udongo haba, zikachipua haraka, zikanyauka haraka, nao wakaomboleza. Wote hao, alisema Profesa huku akigonga karatasi kwa kidole, ni wa kabla. Miaka mingi kabla ya Yesu.

Waziri aliacha mteja kwenye kiti na povu kidevuni, akavuka barabara aje asikie vizuri.

– Mbona hiyo ni rahisi, Profesa. Ni mtu mmoja. Anabadilisha kituo cha kazi tu, na jina linabadilika na kituo.

– Mmoja nguruwe alimuua, mwingine ndugu yake.

– Sasa wewe ulitaka kila kituo kiwe na ajali ile ile?

Akaongeza kwamba amesikia wote walizaliwa siku moja, mwezi wa kumi na mbili, katikati ya baridi. Profesa akamwambia hayo ni ya kupokezana kwenye simu. Yeye ametafuta kwa wiki nne na vitabu vya maana havisemi hivyo. Waziri hakukata tamaa. Alisema kama tarehe hazijulikani, basi hakuna anayeweza kukanusha.

Patasi alikuwa na nadharia yake, ya kifundi. Kosa, alisema, ni la wachonga mawe. Mchongaji akishazoea kuandika maneno fulani vizuri, anamshawishi kila mteja ayachukue. Yeye mwenyewe kuna mwaka aliandika pumzika kwa amani kwenye kaburi la mtu aliyekuwa mgomvi mpaka wanawe walicheka. Basi huko kale kulikuwa na mchongaji mmoja aliyejua kuchora mungu anayeinuka. Akapata kazi mji wa pili, akachora yule yule. Mwanafunzi wake akahamia nchi ya tatu na kielelezo mfukoni. Waliobaki wakatunga hadithi za kufanana na picha.

– Kwa hiyo dini zote zimetoka kwenye karakana kama hii, nikasema.

– Kama hii, lakini yenye paa zima.

Profesa hakucheka. Alisema wapo wanaodhani habari nzima ni ya shamba: nafaka inakufa ardhini, inarudi na mvua, na watu wakaipa uso na jina. Waziri akaidaka hiyo papo hapo na kukimbia nayo. Basi ndiyo maana tunazikwa, alisema, tunapandwa. Tena tunapandwa vibaya, kina kirefu mno. Angeulizwa mkulima yeyote angesema futi sita hakioti kitu. Mteja wake wa ng'ambo akauliza kwa sauti kama anyolewe au aote. Tukacheka wote. Hata Fundi alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye jiwe, na aliposema alisema polepole.

– Profesa, mimi nilikuuliza kitu kimoja.

– Ndiyo, nakuja huko.

– Anaamka au haamki?

Profesa alivua miwani. Ni mtu mwaminifu. Hilo ndilo tatizo lake. Alisema kinachofahamika ni kwamba hadithi za namna hiyo zilikuwepo, na kwamba zinafanana hapa na kutofautiana pale. Tamuzi, kwa mfano, hurudi nusu mwaka tu, nusu nyingine anashuka tena, kama mtu wa zamu. Na yule wa Misri, ukisoma mpaka mwisho, hakurudi kabisa nyumbani. Alipata uhai, lakini akabaki huko huko chini kuwa mfalme wa wafu. Yesu anasimuliwa tofauti: anarudi, anatembea na rafiki zake, anakula samaki mbele yao. Kama hilo lilitokea au ni hadithi ya kale iliyovaa nguo mpya, kurasa tisa hazimwambii.

Patasi, ambaye huimba kwaya, aliweka kikombe chini.

– Watu wa nchi tano wakisikia njaa, utasema njaa ni uongo?

– Njaa si uongo. Ila haikuhakikishii kwamba jikoni kuna chakula.

– Wala haikuhakikishii kwamba hakuna.

– Sawa. Wala kwamba hakuna.

Wakaishia hapo wote wawili, kila mmoja amemsindikiza mwenzake mpaka mlango uliofungwa. Nilimtazama Fundi. Alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, na mtu yeyote angeona kwamba kila tulipozidi kuongea yeye alizidi kuwa mbali. Tulikuwa wanne tumemzunguka, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa karibu naye.

Wakati huo akafika nesi. Simjui jina, alikuwa ametoka zamu na amekuja kuchukua sare yake, zipu ilikuwa imeng'oka. Fundi alimwomba radhi, akasema zipu imebaki kushonwa kidogo, anyanyuke tu amalizie. Nesi akamwambia asihangaike, yeye anahitaji zaidi kukaa kuliko kuvaa. Waziri akamwachia nafasi, akasuuza kikombe chake na kumjazia. Profesa, kwa adabu ya mtu wa maktaba asiyependa mgeni aachwe nje ya mazungumzo, akamrudia habari zote kwa ufupi: vipande vya Misri, wanawake wa mlangoni, mbegu za vyungu, mfalme wa huko chini. Akamwonesha na jiwe. Nesi alilisoma. Alimtazama Fundi, akaitazama pete yake, akaelewa.

Alikunywa kahawa yake nusu kikombe kabla ya kusema.

– Samahani, wazee wangu. Huyo mama wa Misri.

– Isis, akasema Profesa.

– Alipomaliza kuviunga hivyo vipande, na mume akaenda kuwa mfalme huko. Yeye jioni alikula na nani?

Profesa alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili.

– Alikuwa na mtoto wa kiume. Lakini mtoto alikua, akaenda kupigana na baba yake mdogo.

– Na jioni hiyo?

Profesa alizipitia karatasi mpaka ya tisa. Aliigeuza nyuma, ambako hapakuwa na maandishi. Waziri, mwenye jibu la kila kitu, aliinua chupa ya kahawa akaitikisa. Ilikuwa tupu, akaiweka chini bila kutuambia. Patasi alijishughulisha na vumbi kwenye kucha zake.

Mimi nilikuwa najua, na nadhani wote tulijua, Fundi anakula na nani. Binti yake yuko mbali na hupiga simu Jumapili. Siku nyingine mwanga wa nyumba yake huwaka chumba kimoja tu, na kupitia dirishani utamwona amesimama, sahani juu ya cherehani, akila kwa haraka kama mtu anayengojewa. Katika wiki saba tulikuwa tumempa pole, tumempa kahawa, na asubuhi hiyo tumempa miungu watatu pamoja na wake zao. Hakuna aliyekuwa amemwambia njoo kwangu. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini baada ya swali lile ingekuwa kama kumpa mtu mwavuli baada ya kumwona ameshalowa, nikaona haya, nikanyamaza. Ninavyowafahamu wenzangu, na wao walinyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi ndiye aliyetutoa hapo. Alisimama, akamwendea Patasi.

– Chonga.

– Hivi hivi?

– Hivi hivi. Neno ni lake. Aliniomba niliandike, hakuniuliza kama ninaamini.

Profesa akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anasikitika hakupata jibu. Fundi akamwambia ameulizwa kitu kikubwa kuliko maktaba, asijilaumu, na kwamba kisa cha yule mama aliyetafuta vipande amekipenda. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na Profesa akazikunja karatasi zake mara nne, zikawa ndogo kama pakiti ya sindano.

Patasi alishachukua nyundo, lakini akasita. Kuna jambo huuliza kila mara jiwe likiwa la mume au mke, na siku zote huliuliza mwishoni kwa sababu halipendi.

– Na hapa chini, Fundi? Huwa naacha nafasi. Ukitaka lakini. Wengine husema nilipeleke neno katikati, lijaze jiwe.

Fundi alivua tepu shingoni, akachuchumaa, akaanza kupima: kutoka chini ya neno la mkewe mpaka ukingo wa jiwe, halafu upana, halafu tena kutoka juu, kama anavyompima mteja asiyetulia. Nesi alikuwa ameacha kunywa.

– Inaingia mistari miwili, akasema Fundi.

– Miwili. Wa kwanza jina lako.

– Wa kwanza jina langu.

– Na wa pili niuandikie chaki? Neno gani?

Fundi alibaki amechuchumaa, kiganja kikiwa kwenye ile sehemu isiyoandikwa kitu.

– Bado sijui, akasema. Wewe acha nafasi.

Patasi akaweka chuma kwenye mguu wa kwanza wa N, akapiga. Jiwe lilitetemeka kidogo, na Fundi, ambaye hakuwa ameondoa mkono, akaliongezea wa pili, akalishika.