Mikono Nyuma: Kumuaga Mama Bakuli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Idara yetu ya Fizikia, Mama Bakuli anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye akalipokea bila kununa.

Bakuli lenyewe alilitoa jikoni kwake; mumewe, fundi saa, analidai mpaka leo. Alilitumia kueleza nadharia ya supagraviti, inayodokeza kwamba, zaidi ya urefu, upana na kimo, huenda nafasi ina pande nyingine zilizojikunja, ndogo mno kuonekana. Ukubwa wa pande hizo lazima utulie, kama gololi ndani ya bakuli. Shida ni kwamba ulimwengu ulipokuwa mchanga ulifumuka ghafla, na nguvu ya mfumuko huo ingeweza kuirusha gololi nje. Ikitoka, pande zile zinafunguka, na sisi hatupo.

Andiko lake la kwanza lilisema gololi haitoki. Lilisifiwa sana, na uprofesa ulikuwa mlangoni. Siku ya mhadhara, mbele ya wageni, aliweka bakuli na gololi mezani, akaiinamisha meza kuthibitisha. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyesoma naye tangu mwaka wa kwanza, akamuuliza mbona mkono wa pili umelishika bakuli. Ukumbi ukacheka. Mama Bakuli hakucheka. Aligeukia ubao, akausoma, kisha akasema kwamba hata kwenye hesabu alilishika: alizituliza pande zile kwanza, ndipo akaleta mfumuko, kana kwamba hauwezi kuzigusa. Andiko akaliondoa mwenyewe wiki hiyohiyo. Uprofesa nao ukaota mbawa.

Kesho yake alifuta ubao, akaanza upya, rafiki yuleyule akiwa pembeni. Miaka tisa baadaye walitoa andiko la pili: gololi haitoki, hata bakuli lisiposhikwa. Wiki iliyopita alituonyesha: mikono nyuma, akainua meza kwa goti. Bakuli halikuteleza. Gololi ilipanda ukingo, ikasita, ikarudi. Tulipiga makofi, wengine tukifuta machozi.

Lakini hesabu si ushahidi. Darubini zinazochunguza mwanga wa kale wa ulimwengu bado hazijatoa jibu, na Mama Bakuli anaondoka bila kujua kama alipatia. Inatuuma. Hakutaka zawadi, aliomba tu, jibu likija, asiwe wa mwisho kuambiwa.

Asante, Mama, kwa moyo wa kusema umekosea mbele za watu. Tunakutakia mapumziko ya amani wewe na mzee. Bakuli tunabaki nalo, atusamehe. Siku jibu likija tutapiga hodi kwako, na kama ulikosea, tutakuja mbio zaidi.