Bi Washa na Malori Arobaini

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu: marehemu hakupenda hotuba ndefu, na alipolazimika kusikiliza moja alitikisa mguu chini ya meza mpaka vikombe vikalia. Mdogo wake, aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma maisha haya, aliahidi kufupisha. Atajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yetu alikuwa mshika bendera wa stesheni na mama alishona nguo za watu kwa cherehani ya miguu. Tangu utotoni alikuwa kiguu na njia. Siku moja mama alimwambia jirani kwamba nyumba yetu ina taa tatu za mafuta, na yeye, wa miaka minane, akasahihisha mbele ya mgeni: "Mama, zinazowaka ni mbili." Alichapwa kidogo kwa kumuumbua mama, kisha taa ya tatu ikanunuliwa utambi.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, ambako matroni aliandika kwenye ripoti, "Ana akili, hana kituo." Alipata shahada ya hisabati mwaka 1979 na ya uzamivu mwaka 1984. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu jambo moja tu: muda unaopita kati ya amri ya kuondoka na lori la kwanza la kikosi kuvuka geti. Mwalimu mmoja alimshauri atafute mada nyingine kwa sababu jeshi lina wenyewe. Alimjibu, "Na mafuriko je, mwalimu, yana wenyewe?" Mwalimu akatia saini.

Tarehe 1 Julai 1984 aliajiriwa katika ofisi ya utafiti wa mipango ya majeshi, ghorofa ya pili, chumba chenye meza mbili na kiti kimoja cha mwenzake, kwa kuwa yeye hakuhitaji cha kwake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wapangaji ni askari wangapi na magari mangapi yangeweza kweli kutoka siku ya haja. Kila aliyemwambia kikosi kiko tayari alipigwa maswali matatu: tayari kwa kazi gani, baada ya saa ngapi, na kwa siku ngapi? Akifika kambini alikataa soda ya ofisini, akaenda moja kwa moja uwanja wa magari, akanyoosha kidole kwenye lori lolote na kusema, "Washa." Ndipo askari wakamwita Bi Washa, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Sasa tuseme lile ambalo yeye mwenyewe asingekubali lirukwe. Tarehe 9 Februari 1987 alikagua kikosi kimoja chenye malori arobaini yaliyoegeshwa katika viwanja viwili. Asubuhi akakagua uwanja wa kwanza. Ikaletwa chai, na siku hiyo, kwa uchovu wa safari, akakubali kukaa dakika ishirini. Kisha akakagua uwanja wa pili. Yaliwaka malori thelathini na sita. Akaandika kwamba kikosi kina utayari wa asilimia tisini, na akatia saini. Tarehe 2 Machi mto ukavunja kingo. Kikosi kikaamriwa kwenda kuwatoa watu kijiji cha bondeni, na yakawaka malori ishirini na mawili tu. Watu kumi na mmoja waliokuwa wakingoja juu ya paa la shule hawakufikiwa.

Tangu siku hiyo dada yetu hakukaa tena. Hatusemi kwa mafumbo. Alikula amesimama, alisahihisha mitihani ya wanafunzi aliowafundisha hisabati chuoni jioni akitembea ukumbini, na kila wingu lilipotanda roho yake ilikuwa juu. Mama alimwambia, "Mwanangu, majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini mjukuu naye hubebwa, hakimbizwi." Hakusikia la mtu.

Mwezi Mei mwaka huohuo fundi wa magari wa kambi ile alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kofia mkononi.

"Dada, yale mabetri niliyahamisha mimi," alisema. "Mlipokuwa mnakunywa chai. Tuliyatoa uwanja wa kwanza tukayapeleka wa pili."

"Mangapi?"

"Kumi na manne. Niliamriwa, lakini mikono ilikuwa yangu."

Marehemu alipiga hesabu pale pale: thelathini na sita ukiondoa kumi na manne, ishirini na mawili. Akamuuliza kama angeyasema hayo mbele ya wakubwa. Fundi akayasema, na akafukuzwa kazi. Marehemu naye akaitoa upya ripoti yake, na ukurasa wa kwanza akaandika kwa jina lake: "Nilikosea. Nilihesabu betri kumi na nne mara mbili, na niliiacha kazi kwa ajili ya kikombe cha chai." Wenzake walimsihi aupunguze makali ukurasa huo. Alikataa.

Tarehe 17 Juni 1989 alifunga ndoa na yule yule fundi. Sisi wa nyumbani tulishangaa, wengine tukanuna, na shangazi akauliza waziwazi kama wanaume wakweli wamekwisha. Marehemu akamwambia, "Shangazi, huyu ndiye peke yake aliyepanda ngazi." Walijaliwa mabinti wawili. Shemeji alifungua karakana yake, na ni yeye aliyembunia njia ya kuzuia udanganyifu ule: kila betri inayokaguliwa ipakwe mstari wa rangi ya kucha. Dada yetu hakuwahi kupaka kucha zake maishani, ila mkoba wake ulikuwa na chupa sita za rangi nyekundu, na wanafunzi wake wa kiume walizinunua dukani kwa aibu kubwa.

Kwa miaka kumi na tisa alidai jambo moja: ukaguzi ufanyike bila taarifa, na jibu litolewe kwa saa na dakika, si kwa neno "tayari". Barua zake nyingine zilirudishwa, nyingine hazikujibiwa. Alikoseshwa cheo mara mbili. Mwaka 2006 kanuni ikapitishwa, na hakusherehekea. Aliuliza itajaribiwa lini. Mto ulikuwa umetulia, na yeye alijua kwamba kanuni isiyojaribiwa ni karatasi. Aliogopa kufa kabla ya kujua kama wale watu kumi na mmoja walikuwa wamemfundisha mtu yeyote zaidi yake.

Maradhi ya moyo yalimpata mwaka 2021. Daktari alimwagiza apumzike, naye akaomba aelezwe kupumzika ni saa ngapi kwa siku. Tarehe 12 Novemba 2023 alilazwa wodi ya tatu, kitanda cha dirishani, kwa sababu kile cha ukutani alikikataa. Mvua ilikuwa imeanza. Asubuhi ya tarehe 21 redio ya nesi ikatangaza kwamba mto umevunja kingo na kikosi kile kile kimeamriwa kutoka. Akamgeukia mumewe.

"Fundi, nenda getini ukahesabu."

"Nikuache peke yako?"

"Sitakwenda popote. Chukua saa."

Shemeji alisimama nje ya geti la kambi chini ya mwavuli. Saa tano na robo akapiga simu.

"Mama, yametoka thelathini na nane. La mwisho limevuka geti saa mbili na dakika kumi tangu amri. Mlinzi anasema wa kwanza wameshafika bondeni, watu wanapakiwa."

Binti mkubwa, aliyefika wodini baadaye na kumshikia simu, anasema mama yake alivuta pumzi ndefu na miguu yake ikatulia chini ya shuka. Kisha akauliza, "Na mawili?"

Shemeji hakujua. Akaenda kuuliza. Aliporudi wodini, saa saba na dakika ishirini mchana, mkewe alikuwa amefariki.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu watano na wanafunzi wasiohesabika, ingawa yeye angewahesabu. Watu wa bondeni walitolewa wote. Jibu la yale malori mawili shemeji ameliandika kwenye karatasi iliyo mfukoni mwa shati lake. Hajamwambia mtu. Ameomba kwamba tukishamaliza kufukia, tumwachie nafasi kidogo ili amsomee mwenyewe.

Baada ya hapo, dada, tunakuomba ukae. Mungu akupumzishe kwa amani.