Neno "Distempa" na Mwaka wa Hofu Getanuwas: Tunamuaga Benedikta Akonaay

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Benedikta Akonaay, Afisa Mifugo wa Kata ya Getanuwas, anastaafu baada ya kuwatumikia wafugaji wa Mbulu na Hanang kwa miaka thelathini na mitatu. Siku ya kumuaga wengi watasimama kutaja majosho aliyoyafufua na ng'ombe aliowachanja. Mimi niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu nimeombwa kuandika wasifu wake, na nitatumia nafasi kubwa kueleza mwaka ambao sote tuliogopa.

Mama Benedikta alizaliwa Masieda, katika familia ya wakulima. Baada ya chuo cha mifugo alipangiwa kituo cha kwanza Bashay. Huko wanamkumbuka kwa siku aliyokuwa akimsukuma fahali mkaidi kwenye josho, fahali akageuka, na yeye akatumbukia badala yake. Alitoka akiwa amelowa dawa kutoka kichwani hadi miguuni, akajipangusa macho, akauliza ng'ombe anayefuata yuko wapi. Watani wake walisema mwaka ule kupe hakuthubutu kumsogelea.

Alipohamia Getanuwas, wazee wa Kibarbaig walisita kuzungumza habari za ng'ombe na mwanamke aliyetoka milimani. Hakubishana nao. Alijifunza salamu zao, akazalisha ndama waliokwama, na baada ya muda wakawa wanatuma watu kumwita kabla hajasikia kuna tatizo.

Mwaka 2019, masika yalipokwisha, mbwa wa Getanuwas walianza kufa. Walitokwa na makamasi na tongotongo, taya zikacheza kama wanatafuna kitu kisichokuwepo, kisha wakayumba na kuanguka. Kwa mfugaji wa huku mbwa ni mlinzi wa boma. Boma likiwa kimya, fisi husogea.

Benedikta alipiga picha, akamtumia daktari wa mifugo aliyekuwa mkoani. Daktari alipopiga simu, Benedikta aliiweka kwenye spika, na watu walikuwa wamemzunguka.

"Hiyo inafanana na distemper," alisema. "Yenyewe haiwapati binadamu. Lakini kuwa mwangalifu, kwa macho tu huwezi kuitofautisha na kichaa cha mbwa."

Watu walishika sehemu ya kwanza, wakaiacha ya pili. Benedikta alirudia onyo lile boma kwa boma, lakini neno lilikuwa limeshamtangulia. Kila alikofika aliambiwa, "Ni distempa tu, mama. Haishiki watu."

Basili, mfugaji kijana mwenye mke na watoto, aling'atwa mkononi na mbwa wake mwenyewe. Alifunga kidonda kwa kitambaa akaendelea kuchunga, bila kumwambia mtu. Wiki zikapita. Siku moja akashindwa kumeza. Alipoletewa kikombe cha maji, koo lilimkaza, akapiga kelele, akawaomba wakitoe kikombe mbele yake. Benedikta alifika akakuta ndugu wamemshika mikono na miguu. Walimkimbiza hospitali, lakini kichaa cha mbwa kikishafika hapo hakina dawa. Basili alifariki.

Baada ya mazishi neno lile likageuka. Jana lilikuwa la kutuliza watu, sasa lilikuwa jina la kifo. Akina mama waliwafungia watoto ndani. Mbwa akibweka, watu waliacha chakula wakasimama.

Haikupita muda mrefu, mbwa wa Mzee Margwe akamrukia Marieta, mkwe wake, akamng'ata nyuma ya mguu. Marieta alikuwa mjamzito. Benedikta, ambaye alikuwa ameambiwa mbwa yule anaumwa na yuko njiani kwenda kumchukua, alisikia mayowe akakimbia, akamvuta Marieta pembeni, naye akang'atwa kwenye kifundo cha mkono. Mzee Margwe alimmaliza mbwa kwa mkuki. Benedikta aliosha mguu wa Marieta kwa sabuni na maji mengi, akarudia tena na tena, ndipo akaosha mkono wake. Mimi ndiye niliyekuwa namimina maji.

Hospitali ilituma chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye zahanati ya karibu, ndani ya kasha la barafu. Tulipofika getini, Marieta akasimama ghafla. Zahanati ilikuwa imetoka kupakwa rangi, na ndoo tupu za rangi zilipangwa ukutani. Kila ndoo ilikuwa na maandishi makubwa: DISTEMPER.

"Siingii," alisema Marieta. "Wameupaka ule ugonjwa ukutani. Nina mtoto tumboni."

Watu waliotufuata walirudi nyuma. Mzee Margwe alizikazia macho zile ndoo.

Benedikta alikuwa ameshalichunguza neno lile tangu msiba wa Basili, maana halikumpa usingizi. Akajaribu kulieleza. Alisema asili yake ni Kilatini, lugha ya kale ya Ulaya, na maana yake ni kuchanganya isivyo sawa. Watu wa zamani huko waliamini mwili una maji ya aina nne, yakichanganyika vibaya mtu anaumwa au anakuwa na hasira. Hivyo neno likawa ugonjwa, likawa pia ghasia za wananchi, mwishowe likabaki zaidi kwa ugonjwa wa mbwa. Mafundi rangi nao walilichukua kwa njia yao, wakaliita rangi ya ukutani, kwa sababu walikuwa wanaloweka chokaa na gundi kwenye maji na kuchanganya.

Mzee Margwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, mama," akauliza, "na hii rangi imechanganywa vibaya?"

Hakuna aliyecheka. Wawili watatu walianza kuondoka, na Marieta akageuka kuwafuata.

Ndipo Benedikta akafungua kitambaa mkononi, akamwonyesha mzee alama za meno.

"Baba, shikamoo yangu ulishaipokea, sasa nisikilize kama mwanao. Na mimi mbwa yule ameniuma. Naogopa kuliko Marieta, kwa sababu nilimwona Basili. Huo ukuta siuogopi. Naogopa kuchelewa."

Muuguzi Festo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akabeba benchi akalitoa nje, katikati ya uwanja, mbali na ukuta.

"Sindano haihitaji nyumba," alisema. "Nipeni mikono tu."

Benedikta alikaa kwanza, akakunja mkono wa blauzi. Alipokwisha kuchomwa hakuinuka, alisogea tu kuacha nafasi. Marieta alimtazama baba mkwe wake.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Margwe.

Akakaa. Walishikana mikono mpaka Festo alipomaliza.

Majibu ya maabara yalikuja: mbwa wa Margwe alikuwa na kichaa. Baadhi ya mbwa waliokufa kabla yake walikuwa na distemper kweli. Magonjwa yote mawili yalikuwa yanatembea pamoja. Wakati wa kusubiri chanjo zilizobaki, Benedikta aliniambia kwamba kila asubuhi alijaribu kumeza maji taratibu, akisikiliza koo lake. Na bado alikwenda boma kwa boma kuchanja mbwa, akiwashika vichwa kwa mkono uleule wenye kovu. Nilipomwomba apumzike alinijibu, "Nikikaa nyumbani naogopa zaidi."

Marieta alijifungua salama mtoto wa kike. Baada ya Basili, Getanuwas haikuzika mtu mwingine kwa kichaa cha mbwa mwaka ule, na tangu hapo wafugaji huleta mbwa wao kwenye chanjo bila kufuatwa.

Mama Benedikta, idara nzima inakushukuru, na maboma yanakushukuru kwa lugha zote ulizojifunza kwa ajili yao. Rudi Masieda, ulime, ulale mpaka jua lipande. Hofu za Getanuwas tuachie sisi. Sasa ni zamu yetu kuogopa na kwenda. Uishi vizuri, mama, na uishi sana.