Mifumo Miwili na Sauti ya Baba

FUNDI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba ngeni hii—

DADA: Ya jirani. Yangu huipokei tangu Jumamosi.

FUNDI: Aa, dada! Shikamoo. Kazi zimenibana hapa dukani, si unajua tena—

DADA: Marahaba. Nisikilize, hili salio la watu. Kompyuta ya Baba umeifanya nini?

FUNDI: Si nilikueleza? Nimeweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani. Ukiwasha, inakuuliza unataka kuingia upi. Kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake.

DADA: Haiulizi kitu. Inaingia kwenye mpya moja kwa moja. Mke mkubwa hayupo.

FUNDI: Labda hukubonyeza—

DADA: Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu! Minada ya Baba iko wapi?

FUNDI: Haloo? Haloo? Mtandao unakwaruza—

DADA: Acha utoto. Mtandao mzima. Nakuuliza rekodi za Baba, zote arobaini na moja, za kabla ya kiharusi kumfunga ulimi. Sauti aliyonadia ng'ombe na makabati miaka thelathini. Iko wapi?

FUNDI: Nilizinakili kwanza, dada. Haki ya Mungu. Kabla sijagusa chochote.

DADA: Ukazinakili wapi?

FUNDI: Kwenye D.

DADA: Ndiyo wapi huko?

FUNDI: Hapa dukani, D yangu ni diski nyingine kabisa, ya pembeni. Mkono umezoea. Kwenye ya Baba kumbe D ni... ni diski ile ile, imegawanywa tu mara mbili. Halafu pale pa kuchagua nikabonyeza—

DADA: Ukabonyeza nini?

FUNDI: Futa diski nzima.

DADA: [Mlango unafungwa.]

FUNDI: Dada? Upo?

DADA: Nimetoka nje asinisikie. Flashi ya kunakilia nilikupa mkononi. Ulisemaje?

FUNDI: Dada, jamani—

DADA: Ulisema, "Mimi fundi bwana, sitembei na magongo." Ukacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

FUNDI: Na ile simu uliyomrekodia?

DADA: Niliiuza. Wewe ndiye uliyesema kompyuta ndiyo salama.

FUNDI: Basi sikiliza. Zipo zinazoweza kurudi, ila msiiwashe. Kila mkiiwasha inaandika juu ya—

DADA: Anaiwasha kila asubuhi! Siku ya nne leo. Anavaa koti lake la mnadani, anakaa, anasubiri sauti yake itoke aifuatishe. Haitoki. Ananitazama mimi. Kwa nini hukusema siku ile ile?

FUNDI: Niliona aibu.

DADA: Kumbe ndiyo maana ulikimbia hata chai.

FUNDI: Nilitaka iwe nyepesi, dada. Ilikuwa inamkwamia katikati ya neno.

DADA: Ilikwama, ikaendelea. Na yeye akaendelea nayo. Mwaka mzima wa kuhangaika, ndiyo kwanza kafika "mara ya pili". Daktari mwenyewe alishangaa.

FUNDI: Nitakuja Jumamosi—

DADA: Jumamosi ndiyo iliyotufikisha hapa. [Mlango unafunguliwa.] Nampa simu. Mweleze mwenyewe.

FUNDI: Hapana, dada, ngoja kwanza, usi— [Pumzi nzito karibu na simu.] Baba? Shikamoo, Baba. Ni mimi, kitinda mimba wako. Ile kompyuta ina... ina kahitilafu kadogo tu, Baba, nitakuja—

[Sauti ya mzee, polepole: "Mara... ya kwanza. Mara... ya pili."]

FUNDI: Dada? Mbona amenyamaza?

DADA: Anasubiri. Hapo ndipo kompyuta ilipokuwa inammalizia.

FUNDI: Ichukue simu, tafadhali—

DADA: Iko kwenye spika. Kainamisha sikio. Umekua ukiisikia sauti hiyo, wewe. Haya, fundi, mmalizie, salio linaisha.

FUNDI: Siwezi, dada.

DADA: Anakungoja!

FUNDI: Baba... mara ya—

[Simu imekatika.]